Wachumba Waliopanda Monserrate

Benchi letu hapa Lorica liko nje ya kinyozi, linatazama mto Sinú, na chupa ya kahawa ni yangu, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa hapa nausikia mimi kwanza. Jumanne ile Eustorgio, mwoka mikate, alikuwa karudi jana yake kutoka Bogotá na familia nzima: mama yake Bibi Ubaldina, binti yake Yuranis, na Wilfrido, mchumba wa binti. Tulitegemea aje anacheka. Akaja kakunja uso, kavaa koti la sufu kwenye joto hili.

— Vua hilo koti, utaiva, nikamwambia.

— Siwezi, Nubia. Baridi ya kule imeniingia mpaka kwenye mifupa.

— Safari je? akauliza Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku.

— Nzuri, bwana, namshukuru Mungu. Asubuhi ya kwanza tulipewa supu ya maziwa na yai ndani, tukadhani tunaadhibiwa. Mvua siku tatu. Lakini mama kafika Monserrate! Nilipokuwa mtoto, homa ya matumbo ikitaka kuniua, aliweka nadhiri atampelekea Bwana Aliyeanguka, ile sanamu ya Yesu kwenye kanisa la kule juu mlimani, shukrani zake. Miaka arobaini, ndugu zangu! Nimemwona anapiga magoti, nikalia kama mtoto.

— Sasa uso wa nini?

— Wilfrido naye kapanda. Pamoja na Yuranis.

Kinyozi akasimamisha mkasi. Nani asiyejua kwamba wachumba wakipanda Monserrate pamoja, harusi hakuna?

— Si tulimwacha chini alinde mizigo! Mama akaishiwa pumzi kwenye ngazi za mwanzo tu. Kijana akatupa mizigo, akambeba mgongoni mpaka kanisani, Yuranis nyuma yao kashika fimbo ya bibi. Samaki wetu wa kukaanga wakaliwa na mbwa. Harusi ni Desemba. Saa kumi naenda kwa padri afute tarehe. Sitaki mwanangu aje aachwe mlangoni pa kanisa.

— Ngoja kwanza, akasema Fundi Saa, aliyekaa karibu na Profesa. Aliyepanda na Wilfrido ni bibi. Kwa hiyo asiyeweza kuolewa naye ni Bibi Ubaldina.

— Hujui sheria wewe! Profesa akadakia. Wavunje uchumba leo, wakae siku tisa bila kusalimiana, halafu kijana aje kuposa upya kwa jina jingine.

— Jina gani?

— Lolote. Mlima utamjuaje?

— Basi warudi, wapande kinyumenyume, akasema Fundi Saa. Wakifika juu, watahesabiwa wameshuka.

Eustorgio alikuwa anaitikia kwa kichwa, maskini, anayapima kweli. Ndipo Bibi Ubaldina akatokea kwenye kona na fimbo yake.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kwa muuza matikiti. Nina swali moja tu. Ninyi mliooa bila kupanda mlima, wake zenu wako wapi?

Profesa akatazama mto. Fundi Saa, aliyeachwa mara mbili, akaanza kupuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Eustorgio, ambaye mkewe yuko Cartagena na muuza mapazia mwaka wa sita sasa, akainamisha kichwa. Mimi nilicheka mpaka nikamwaga kikombe.

— Yule kijana kanibeba, Bibi akasema. Nilikuwa nausikia moyo wake unavyokwenda mbio, na hakunitua hata mara moja. Twende kwa padri, mwanangu. Ukamwambie tarehe ni ileile.

Eustorgio akavua koti, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamwambia apande.