Matundu ya Ngazi ya Shule

Sikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana pumzi yangu imekuwa haba na nikiipoteza kwa kujibizana sitamaliza. Wewe kifungua mimba wangu, kaa hapa kitandani. Wewe dada yake, acha kulia, utalia baadaye kwa nafasi. Baba yenu mdogo yuko sebuleni, namsikia, na tangu asubuhi nimewasikia mkicheka naye. Hata leo, mimi wa kugeuzwa ubavu, roho inaniuma mnavyomchekea.

Karakana tuliianza wawili, kaka na mdogo wake, kwa mashine moja ya kuchomelea na drili moja. Mimi nilikata chuma, nikatoboa, nikachomelea, kila kitu kwa kipimo cha mwenyewe, geti la huyu lisifanane na la yule. Yeye alichukua vipande akaenda kuvifunga huko vilikotakiwa. Kazi ilikuwa moja lakini sifa zilikuwa zake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeonekana. Aliwekewa kiti, akaulizwa habari za watoto, akaitwa fundi wetu. Siku moja mama mmoja alikuja karakanani, akanitazama nilivyojaa vumbi la chuma, akamwuliza mdogo wangu, "Na huyu wa nyuma ni nani?" Naye akamjibu, "Huyo ndiye kaka, mwenye kazi." Alinitetea, na hilo likaniuma zaidi, maana hata heshima yangu ilibidi itoke mdomoni mwake. Wa Nyuma likawa jina langu, nanyi mkalicheka mkidhani ni utani.

Ndipo ikaja kazi ya ngazi ya chuma ya kupandia ghorofani, pale shuleni. Hapa sikiliza vizuri, mwanangu wa kwanza. Vipimo alivyoniletea vilikuwa sahihi. Niligonga vidoti vya kuonyesha pa kutoboa, vyote mahali pake, kisha nikasogeza drili nikatoboa pembeni, upana wa ukucha tu. Nilitaka bolti zigome mbele ya mwalimu mkuu, jasho limtoke mdogo wangu, waone kwamba bila mimi yeye si kitu. Ulikuwa wivu, wanangu, siupambi.

Mdogo wangu hakuvirudisha vile vipande. Alishinda na tupa ya kusugulia chuma kutwa nzima akitanua tundu moja moja mpaka bolti zikaingia, na mwalimu mkuu alipouliza, alimwambia ni yeye aliyepima vibaya. Na vidoti vyangu alikuwa akiviona, kando ya kila tundu. Aliporudi aliniambia neno moja tu: "Kaka, kuanzia sasa tuvifunge kwanza hapa uani, tukiridhika ndiyo tuvifungue tupeleke." Lilikuwa neno la akili, kutengeneza na kufunga viwe chini ya jicho moja. Mimi nikasikia anataka kunichunga. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi hata sikungoja, wiki ile ile nilimwita mwashi, tukaigawa karakana. Tangu hapo sisi tunatengeneza tusichokifunga, wao wanafunga wasichokitengeneza, na wateja wamechoka kuhangaika milango miwili. Nanyi nikawaambia baba yenu mdogo hajui kupima, kwamba aliniaibisha. Wewe kifungua mimba uliniamini, ukakua na neno hilo, na leo unakataa kufanya kazi na binti yake, unasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyoka ni huyu unayemshika mkono, mwanangu.

Usiuachie, nishike tu.

Bomoeni ukuta ule. Mashine za kuchomelea na drili ni zako. Uwanja wa kufungia na minyororo ya kunyanyulia ni vya binti wa mdogo wangu. Wewe binti yangu upokee wateja na uwapimie, maana hukurithi mdomo wangu. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami nimekijaribu hicho kimoja miaka kumi na tisa. Kazi yenu ya kwanza iwe ngazi ile. Tundu lililotanuliwa halishiki bolti sawasawa, na watoto wa watu wanapita pale. Mlinzi wa shule aliniambia kwamba shule ikifungwa baba yenu mdogo huenda kuzikaza bolti zile, kila mara, wala hajamwambia mtu. Tengenezeni vibao vipya vya chuma vya kupitishia bolti, mvifunge uani kwanza, mvipeleke nyote watatu. Na mkiulizwa nani aliyeichomelea ngazi ile, mnitaje mimi. Mimi, si yeye. Viungo vyake nilivyochomelea havijapasuka mpaka leo.

Maji... hapana, yaache. Niinueni kichwa kidogo.

Radhi zangu mnazo, nyinyi wawili na yule wa upande wa pili wa ukuta. Mungu awape mikono isiyotetemeka... na macho yasiyochungulia sahani ya mwenzenu. Mpendane... mimi nilishindwa.

Sasa mwiteni mdogo wangu. Aje peke yake. Nyinyi tokeni... mfunge mlango. Akinisamehe, sitaki muone. Mtazidi kumpenda.