Dada Yetu Aliyekataa Kusukumwa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, na kwa nguvu kidogo tulizobaki nazo, nawasomea maisha ya dada yetu mkubwa, fundi cherehani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mama muuza mkaa na baba mlinzi wa stoo, akatembea vizuri hadi alipougua polio akiwa na miaka minne, miguu ikapooza, na tangu hapo mgongo wa mama ukawa njia yake ya kwenda shule ya msingi, aliyoimaliza mwaka 1975. Mwaka 1977 alijifunza ushonaji kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, akashona sare za shule hadi uzeeni, na kila shule zilipokaribia kufunguliwa wazazi walimtaja kwa heri na kwa shari.

Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi mwashi, wakajaliwa watoto watatu, wote wapo hapa.

Mwaka 1992 jirani yetu, fundi wa kuchomelea, alimtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendeshwa kwa mikono, ili aende kazini. Kazini alikwenda, ila jioni hakunyoosha nyumbani, aliuzunguka uwanja wa mpira mpaka jasho limtoke, na akiulizwa anakwenda wapi, alijibu, "Naenda kurudi." Wapita njia walimsukuma kwa huruma, bila hata hodi, na kinara wao alikuwa shemeji, aliyeona aibu watu waseme mke anahangaika na mume anatazama. Dada akamwambia, "Baba watoto, nimebebwa vya kutosha, hii mikono niachie." Shemeji akanuna wiki nzima, kisha mwenyewe akaipeleka baiskeli kwa yule fundi wa kuchomelea, akataka mshikio wa nyuma wa kusukumia ukatwe, na tangu hapo akawa anatembea ubavuni akihema, huku dada akimtania, "Mzee, nikusukume?"

Mwaka 2019 mabega yalianza kumsumbua, baadaye moyo, daktari akamwambia apunguze mizunguko, akapunguza shingo upande. Jumapili ya tarehe 30 Oktoba 2022, kabla hawajamaliza kuuzunguka uwanja, mikono ilisimama, shemeji akasubiri kama kawaida, naye dada akasema taratibu, "Leo sukuma." Shemeji akainama, akashika kiti, akamsukuma mpaka nyumbani, na anasema ruhusa aliyoitamani miaka yote ndiyo iliyomvunja, angeshukuru kama angekatazwa tena. Mungu alimchukua alfajiri ya Jumanne, tarehe 8 Novemba, hospitalini, shemeji akiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani ambao hawajatuacha hata kwa saa moja, mafundi wenzake waliofunga cherehani zao ili waje, na wote ambao uchovu umetufanya tuwasahau.

Dada, ulichotaka kukifanya kwa mikono yako umekifanya, kilichobaki tumemwachia Mungu. Pumzika sasa, na mikono yako ipumzike, kwa amani.