Fundi Privatus Aliyekataa Kuzima Taa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, shambani, jikoni au dukani. Leo tunamkumbuka Fundi Privatus. Fundi Privatus wa Benaco, mzaliwa wa Ntobeye, daktari wa magari yaliyochoka. Alitutoka Jumamosi, moyo ulimsumbua. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Mimi mwenyewe nilimpelekea gari langu kuukuu. Taa ya injini ilikuwa inawaka kwa mwezi wa pili mfululizo, na mafundi wawili walishabadilisha sensa, kile kifaa kidogo kinachopima hali ya injini. Privatus akachomeka mashine ya kupimia, akasoma. "Mtangazaji, mashine imetaja sensa. Haijasema sensa imekufa." Akaufuata waya kwa vidole, taratibu, hadi mahali ulipotafunwa. Panya! Nilikuwa nimelaza gunia la mahindi garini wiki nzima. Alinicheka mpaka akakaa chini.

Hata baada ya kuunga waya hakunipa ufunguo. Tuliendesha hadi Ntobeye na kurudi, yeye akiitazama ile taa. Mjane wake, Bi Zita, ananiambia hakuwa hivyo zamani.

Zamani, wasikilizaji, alikuwa anachomoa waya wa betri na kuurudisha, bila kutafuta ubovu. Taa inazimika, mteja anafurahi. Ndivyo alivyomfanyia Elick wa Bisibo miaka minane iliyopita. Siku ya tatu Elick anamkimbiza mkewe Joyness hospitali ya Biharamulo, uchungu umemshika. Katikati ya msitu, saa sita mchana, gari likazima. Joyness akajifungulia kiti cha nyuma. Injini ilipopoa gari likawaka, wakafika. Mtoto mzima, wa kike. Wakamwita Limi, yaani jua.

Elick hakumlaumu mtu. Alidhani gari ni zee tu. Privatus alizisikia habari hizo sokoni, akakosa usingizi. Alijua akisema, jina lake limekwisha. Bi Zita anasema, "Nilimsihi anyamaze. Tulikuwa na watoto wanasoma."

Hakunyamaza. Alibeba unga wa ulezi wa kumpelekea mzazi uji, akaenda Bisibo. Akasema mbele yao, "Sikutengeneza. Niliizima taa tu. Nisameheni."

Elick alitoka nje. Mwaka mzima hakumsalimia. Halafu siku moja akaleta gari lile lile Benaco, akamkabidhi ufunguo.

Juzi mazikoni Ntobeye, Joyness alisimama na Limi. Akasema, "Asingekuja, tusingejua kamwe. Alikuja mwenyewe." Nasi tulilia.

Bi Zita, watoto, na ukoo wote, poleni sana. Mungu amlaze pema fundi wetu.

Nawe unayenisikiliza, yupo mtu anayedhani lililompata ni bahati mbaya tu, kumbe ni kosa lako? Mimi ninaye. Anakaa Biharamulo, na ni ndugu yangu wa tumbo moja. Kesho asubuhi nakwenda kwake.