Mluzi wa Mutunga Ndani ya Maktaba

Kule mtaani Mbotela, nyuma ya bomba la maji, kulikuwa na ubao uliolazwa juu ya injini mbili za gari zilizokufa, na mtu asikudanganye, mambo yote ya miaka ile ya tisini yalipita hapo kwanza ndipo yakaenda magazetini. Yonis aliweka birika lake la kahawa mwisho mmoja wa ubao, Jacky akaweka beseni la mandazi mwisho wa pili. Katikati walikaa Kabiru, muuza viatu vya mitumba, aliyeitwa Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa, na Musyoka, soja wa kulinda lango la kiwanda kimoja cha Baba Dogo, aliyejipa mwenyewe cheo cha Inspekta. Jioni hiyo Mutunga mchonga vinyago, ambaye wao walimwita Tindo, alifika na uso umemvimba kwa hasira, akaketi bila kusalimu mtu, wala kikombe alichomiminiwa na Yonis hakukigusa.

— Niaje, Tindo? Kahawa inapoa, unaikodolea macho tu, Yonis alisema.

— Nimetoka laibrari ya chuo kikuu.

Ubao mzima ukamgeukia. Wote walimjua Mutheu, binti wa nyumba za mstari wa pili, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Wote walijua pia kwamba Jumamosi Mutunga alikuwa apeleke ukweni mbuzi za ntheo, zile ambazo wazee wa Kikamba wakishazila, msichana ni mke wa mtu hata kama bado analala kwa mamake. Lakini siku hizi Mutheu alikuwa akirudi amechelewa, na sababu ni ileile: ati laibrari ni ya zamani, inachanganya, amepotea tena. Halafu jina likaanza kumtoka mdomoni. Caleb amenionyesha ngazi. Caleb anajua kule nyuma. Caleb, Caleb, mpaka Mutunga akawa akichonga twiga, shingo inakatika.

— Na uliingiaje bila kitambulisho? Inspekta aliuliza.

— Nilibeba mguu wa kiti begani.

Inspekta akatikisa kichwa kwa heshima.

— Hapo sawa. Mtu amebeba mguu wa kiti ni fundi, soja hamwulizi. Hata mimi singekuuliza.

— Lakini ndani, manze, ile nyumba haina adabu. Unapanda ngazi, inakuacha orofa ya kwanza na nusu. Tangu lini nusu ikawa orofa? Namba za rafu zinaenda vizuri, mia mbili, mia tatu, ghafla mia tano. Mia nne iko wapi? Naambiwa shuka, utaona mlango. Nashuka, mlango upo, lakini unafunguliwa kutoka upande ule mwingine.

— Na Mutheu? Jacky alikuwa ameacha kuhesabu mandazi.

— Nilimwona. Mimi niko juu, nimeshika reli ya ngazi, naangalia chini. Yeye yuko mezani, na chali mmoja, kijana mwenye miwani, amemwinamia hivi. Wanacheka bila sauti.

— Bila sauti ni mbaya, Jacky alisema.

— Si ni sheria ya laibrari? Yonis akauliza.

— Hata kama ni sheria.

— Nikatafuta ngazi ya kuwafikia. Ikanishusha mpaka kwa magazeti ya zamani, chini yao. Nikapanda, ikanirudisha juu yao. Juu, chini, juu. Nawaona, siwafikii.

— Ukafanya nini?

Mutunga akaweka kikombe chini.

— Nikapiga mluzi.

Hakuna aliyecheka. Mbotela kijana habishi hodi kwa wazazi wa msichana. Anasimama pale bombani, anapiga mluzi wake, na kila mmoja ana wake, na msichana anatoka na ndoo ati maji yameisha. Mluzi wa Mutunga ulikuwa wa kupanda mara mbili kisha kushuka polepole. Mutheu alikuwa akiutokea tangu hajamaliza shule ya upili, hata siku ambazo ndoo ilikuwa tayari imejaa.

— Wote waligeuka, Mutunga alisema. Juu, chini, hata mzee wa kugonga mihuri. Wote. Yeye tu ndiye hakuinua kichwa.

— Pengine hakusikia, Yonis alisema.

— Yule mwenye miwani alisikia. Alitazama juu, akaniona, akamwambia kitu. Mutheu akazidi kuinama.

Wakili akakohoa, ishara kwamba kesi imeanza.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa nini wahenga walisema hivyo? Kwa sababu vitabu vya rafu ya chini lazima viinamiwe na watu wawili. Mmoja anavuta, mwingine anashika mgongo.

— Wakili, hiyo siyo maana yake.

— Wewe uza mandazi. Nasema hivi: wazungu walijenga ile nyumba makusudi. Waliona Mwafrika akisoma mpaka mwisho wa rafu atawauliza maswali. Wakaficha mia nne. Sasa kila anayeitafuta lazima apate kiongozi, na kiongozi ndiye huyo Caleb.

— Caleb si mwanafunzi, Inspekta alisema, akishusha sauti. Nimelinda majengo, najua. Nyumba kubwa ya zamani haikosi mtu aliyeingia zamani akashindwa kutoka. Huyo alipotea mwaka wake wa kwanza. Analala kwa magazeti, analetewa chakula dirishani. Miwani ni ya kukaa gizani.

— Na sasa ametafuta mke wa kukaa naye huko, Wakili akadakia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tindo, msichana akishazoea giza hilo hatoki tena. Mbuzi zako utazipeleka kwa nani? Kwa rafu?

Maneno ya kipuuzi, wallahi hata Yonis aligeuza uso. Lakini wivu hauchagui chakula. Mutunga aliyameza yote, akawa anamwona Mutheu amezeekea orofa isiyo na ngazi, na yule mwenye miwani akimfunulia kurasa. Akasema mbuzi hazitoki kwao Kitui. Wazee wakae njaa.

Hapo ndipo lori lilipozima injini kando ya barabara, akashuka mwanamume mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Alijitambulisha kuwa ni Mativo, dereva, aliyeambiwa kuna mbuzi za kubeba kutoka Kitui. Alitaka kujua tu kama apakie au asipakie, kwa maana anarudi usiku huohuo.

Wakampa kahawa, wakamsimulia. Wakili alisimulia, Inspekta akarekebisha, Jacky akarekebisha wote wawili. Mativo alisikiliza akipuliza kikombe: mguu wa kiti, orofa na nusu, mluzi, yule Caleb wa gizani.

— Sawa, alisema mwishoni. Ndugu yangu, tuseme ungepata ile ngazi. Umefika mezani, umesimama mbele yake. Ungemwambia nini?

Inspekta akavua kofia, akaikagua ndani. Jacky akafunika mandazi ambayo hayakuhitaji kufunikwa.

— Ningemwambia, Mutunga alianza.

Mativo akangoja. Alikuwa mtu wa barabara ndefu, alijua kungoja.

Lakini kutwa nzima Mutunga alikuwa ametafuta ngazi, na shingo ya yule kijana, na kwa nini mluzi wake umekataliwa. La kusema hakulitafuta. Akijichunguza sasa, aliona anataka kujua kitu kimoja tu: mlikuwa mnacheka nini? Na hilo ndilo hangeweza kuliuliza. Alimjua Mutheu. Angemvutia kiti, angemweleza kwa upole, mwanzo hadi mwisho, na yeye Mutunga, asiyejua ya vitabuni, asione cha kuchekesha.