Mwalimu Aliyeacha Kuwapa Watoto Mgongo

Ndugu waombolezaji, dada yetu aliacha agizo kwamba wasifu wake usimpambe. "Mkinifanya malaika," alituambia, "wanafunzi wangu watacheka mpaka jeneza litikisike." Basi sisi wadogo zake tutajitahidi kumtii, angalau leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1954, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni, mlango wa tatu kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa kifungua mimba wa watoto wanne wa baba mtunza ghala na mama mshonaji. Ualimu alianza mapema. Kabla hajajua kusoma vizuri, aliwapanga kuku wa mama kwa werevu, wa kwanza hadi wa mwisho. Jogoo alishika mkia siku zote, na dada hakumhurumia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961, akaendelea na sekondari, kisha akaingia chuo cha ualimu mwaka 1973. Hesabu aliipenda kama wengine wanavyopenda muziki. Januari 1976 aliripoti katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la vitambaa, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2014. Wanafunzi walimwita Kumi-kwa-Kumi, kwa sababu tisa haikumtosha. Kila Ijumaa alisoma alama kwa sauti, kisha watoto walihama viti: wa kwanza dirishani, wa mwisho mlangoni. Wazazi walimsifu. Darasa lake liliongoza shule.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na fundi umeme, mtu mpole aliyepiga mluzi hata juu ya nguzo. Walijaliwa watoto watatu. Agosti 1994 shemeji yetu alifariki kwa ajali kazini. Msiba ulipoisha, watu walikunja mikeka, na dada akarudi darasani. Miongoni mwa wanafunzi wake wakati huo alikuwemo binti yake wa kati, ambaye mpaka hapo alikuwa akikaa dirishani.

Binti aliporomoka wiki hadi wiki. Dada, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hesabu, aliona tatizo la hesabu. Akamwongezea mazoezi kila jioni. Mtoto alipolalamika kuumwa tumbo kila Ijumaa asubuhi, alimwambia, "Hesabu haina matanga." Alitaka kumwokoa, hilo hatuna shaka nalo. Lakini alikuwa akimpoteza.

Ijumaa moja binti alihamia kiti cha mwisho kabisa. Wenzake walipotoka, mama yake alisimama mbele yake.

"Huoni aibu? Mtoto wa mwalimu kukaa mlangoni!"

"Hapa pazuri, mama. Nikitaka kulia, natoka bila kumsumbua mtu."

"Unalia darasani? Mbona sijakuona?"

"Wewe huwa unaandika ubaoni."

Dada alitusimulia kwamba aliketi kwenye kidawati kile, magoti yakimgusa kidevu. Wiki iliyofuata alimpeleka binti kwa mnasihi wa watoto hospitalini, na mazoezi ya jioni yakakoma. Darasani, kila mtoto akakaa anapotaka. Na tangu siku hiyo aliwahi shuleni kabla ya kengele, akaujaza ubao wote watoto wakiwa bado njiani, ili kipindi kizima awe anawatazama nyuso. Hapo ndipo alipoanza kuona. Huyu macho mekundu. Yule hachezi tena. Huyu kila mlango ukigongwa, anashtuka. Aliwafuata wazazi majumbani, akasikia mambo ambayo hakuna kitabu cha hesabu kingeyatatua.

Mwalimu mkuu wa wakati huo hakufurahi. "Mwalimu, alama husomi tena. Wazazi watajuaje mjinga ni nani?"

"Mjinga tumeshampata, mzee. Ni mimi. Sasa niache nifundishe."

Hatutasema kila mtoto alifaulu, maana si kweli. Wapo waliopanda bila kuongezewa hata swali moja. Wapo waliobaki walipokuwa, lakini wakaacha kuogopa kuja shule. Binti mwenyewe alichukua muda mrefu. Mwaka uligeuka kabla hajacheka mezani. Mtihani wa mwisho aliupita kwa alama za kawaida tu, na mama yake alipika kana kwamba kuna harusi.

Mwaka 2022 dada alianza kusumbuliwa na moyo. Binti yake huyo, ambaye sasa ni fundi wa majokofu, alihamia kwake kumuuguza. Siku moja wodini mgonjwa alimuuliza, "Mwanangu, ule mwaka wa baba yako, ulinisamehe?"

"Mama, wewe uliuliza nina nini. Wenzangu wengi hawakuulizwa."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa, ndiyo. Lakini ulinikuta."

Alifariki tarehe 3 Juni 2024, alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na watu wazima wengi, baadhi yao wamesimama hapa, ambao waliwahi kuulizwa naye, "Una nini, mwanangu?" naye akasubiri jibu. Alale kwa amani dada yetu, na Mungu ampokee kwa upole ule ule.