Mzee Vipimo na Slaidi ya Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, poleni kwa kazi za leo. Wiki hii tumemzika Mzee Vipimo, mhandisi wa maboila, yale matangi ya kuchemshia mvuke, katika kiwanda cha nguo. Amefia kazini. Boila limepasuka.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake. Hakuweza kukwambia chai ni ya moto. Angekutajia nyuzi joto. Mkewe, fundi cherehani, alizoea kumtania, "Baba watoto, shati linakubana, au bado unapima?"

Mwaka huu alipima maboila mawili ya kiwanda. Kutu ilikuwa imekula chuma kwa ndani. Hakingehimili tena mvuke. Akaitwa awaeleze wakubwa.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Ujanani aliwahi kuulizwa swali mkutanini akakosa jibu, wakamcheka. Tangu hapo, kila alichokijua alikijaza kwenye slaidi. Majedwali, kanuni, mishale, herufi kama sisimizi. Aliwapa wakubwa mgongo, akasoma ukutani neno kwa neno. Hatari yenyewe aliiweka slaidi ya mwisho, chini kabisa.

Meneja akapiga miayo. "Mzee, kwa kifupi. Maboila mazima au mabovu?"

"Inategemea jedwali linalofuata, bwana."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakaenda kunywa chai. Slaidi ya mwisho haikuonwa na mtu.

Nyumbani mkewe alimbana. "Kwani yatapasuka?"

"Yatapasuka."

"Sasa mbona hukusema hivyo?"

"Mhandisi hatangulizi neno kabla ya ushahidi."

"Nyumba ikiwaka moto utaanza na ushahidi? Piga yowe kwanza, baba!"

Mzee Vipimo akazifungua slaidi zake. Kisha akafuta karibu kila kitu. Akabakiza picha moja: chuma kizima, na kando yake chuma kilicholiwa. Juu akaandika, "Maboila yote mawili yatapasuka. Tuyazime." Binti yake alitupa jicho mara moja tu, akasema, "Baba, kesho usiende kazini."

Lakini nafasi ya pili hakuipata. Katibu muhtasi wa meneja alimjibu kwa upole, "Wakubwa wanasema walishakusikia, mzee." Kila alipobisha hodi, jibu lilikuwa hilo hilo. Walishakusikia.

Akashuka mwenyewe chumba cha maboila, akawasihi waendeshaji wazime. "Bila amri ya juu hatuwezi, mzee wetu," walimwambia. "Nasi tuna watoto." Alikuwa bado anawasihi boila la kwanza lilipopasuka. Wao walitolewa wakiwa na majeraha. Yeye alitolewa maiti.

Baada ya mazishi, mjane aliipeleka ile picha kwa meneja. "Aliitazama," ametueleza. "Akaniambia, 'Mama, hii imeeleweka kabisa.' Nikamwambia, basi msiliwashe lililobaki. Akasema oda za nguo zimechelewa."

Wasikilizaji wapendwa, boila la pili limewashwa leo asubuhi.

Mama mjane, na wewe binti, pokeeni pole zetu. Mungu amlaze baba yenu mahali pema. Nasi tujiulize: ni neno gani zito tumelificha nyuma ya mengi tunayoyajua? Ukisimama mbele ya watu, litangulize hilo. Siwezi kukuahidi kwamba watakusikia. Litangulize hata hivyo.

Na wenye ndugu wa zamu ya jioni pale kiwandani, tuwaombee. Wameshaingia kazini.