Jumatano, Saa Nne Asubuhi: Mama Ratiba Anastaafu

Tarehe 30 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwa katibu wa ofisi ya kanisa letu, Mama Ratiba atakabidhi funguo na kustaafu. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu hakuna ndoa, ubatizo wala mkutano uliofanyika hapa bila yeye kujua ni lini, ni wa nani na unahitaji viti vingapi. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kwa miaka kumi na tisa ofisi yake na chumba changu cha mazoezi vimetenganishwa na ukuta mwembamba. Amenivumilia sana. Leo ni zamu yangu kumsema.

Alianza na mashine ya kuchapa iliyokuwa imeng'oka herufi R, kwa hiyo vyeti vyote vya mwaka ule vina R za kalamu, zimenyooka utadhani alizipigia rula. Amefanya kazi na wachungaji wanne, na wote wanne ni yeye aliyewafundisha mahali mhuri unapokaa. Kuna harusi moja ambayo kwenye cheti aliandika jina la msimamizi mahali pa bwana harusi. Alikuja kukumbuka akiwa anakunywa chai ofisini, cheti tayari kiko mbele ya maharusi. Wanaosema mama yule hawezi kukimbia hawakuwepo siku ile.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemtania tu, na makubwa yake sijayasema.

Mwaka wake wa kumi na mbili, kazi ilikuwa imemfika shingoni. Siku sita ofisini, na Jumapili ndiyo usiseme: betri za maikrofoni, wageni wa kukalishwa, mtoto aliyepotezana na mama yake. Mahubiri aliyasikia vipande vipande akiwa koridoni. Alhamisi moja, kwenye maombi ya akina mama, aliombwa afungue kwa sala. Akafumba macho, akainamisha kichwa, na kwa sauti ya unyenyekevu kabisa akatangaza kwamba mazoezi ya kwaya yamesogezwa hadi Ijumaa saa kumi, kwamba wazazi wa watoto wa ubatizo waonane na mchungaji, na kwamba mwenye mwavuli mweusi aufuate ofisini. Akamalizia kwa kuwashukuru kwa usikivu wao. Akina mama wakaitikia amina.

Habari zilipotufikia tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye pia alicheka, kisha akaenda ofisini, akajifungia, na nikamsikia analia kupitia ule ukuta wetu. Baadaye alinieleza kwamba hakulia kwa aibu. Alikuwa amejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alisali yeye mwenyewe, bila kuombwa na mtu, asikumbuke. Aliogopa kwamba imani yake imekwisha na amebaki na kazi tu.

Wiki ile ile aliwapelekea wazee wa kanisa barua ya kuacha kazi. Wakamsihi abaki. Akakubali kwa sharti moja: kila Jumatano, saa nne hadi saa tano asubuhi, ofisi ifungwe, naye aingie kanisani akae na Mungu wake, siyo kikazi. Jamani, palichimbika! Kwenye kikao, mwenyekiti wa wazee alitaka kujua nani atapokea simu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama nikauliza itakuwaje familia iliyofiwa ikija saa hiyo. Alinijibu taratibu kwamba watasubiri kidogo, lakini watamkuta mtu ambaye bado ana sala ndani yake, siyo fomu peke yake. Nikakaa chini.

Wiki tatu za kwanza alilala fofofo kwenye benchi. Alisema Mungu ndiye aliyejua alichohitaji. Wiki ya nne, mama anayepanga maua alimfuata na swali, hakujibiwa hata kwa nyusi. Mwenyekiti naye alikwenda akakohoa nyuma yake mpaka kikohozi kikamwishia. Polepole tukaanza kumwona mtu wetu anarudi. Akaanza tena kuimba akipanga mafaili, vibaya vile vile kama zamani. Wenye shida waliokuja mlangoni kwake wakawa wanakaa zaidi na kutoka wamepumua. Akawaonyesha washemasi mahali betri zilipo, akaanza kukaa ibadani tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Kanisa halikuanguka.

Nami niseme langu, maana nikinyamaza nitakuwa mnafiki. Mwaka huu nimefundisha nyimbo tatu mpya za sifa, na kwa miezi mingi sikuwa namsifu yeyote. Nilikuwa natega sikio tu kusikia kama sauti ya pili imeshuka. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Jumatano moja nikaingia kanisani nikijifanya natafuta daftari la nyimbo, nikasimama karibu na benchi lake kama mjinga. Alisogeza mkoba wake, nikapata pa kukaa. Tangu siku hiyo tumekuwa wawili, na kusema kweli nami nilianza kwa kulala.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani, tulitegemea atasema kochi. Akaomba saa ile iandikwe kwenye mkataba wa kila mfanyakazi wa kanisa hili, kuanzia mchungaji hadi mlinzi. Wazee wamepitisha, na mwenyekiti, yule yule wa kikohozi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia saini. Kochi tumenunua pia.

Dada yetu, tunakushukuru kwa miaka yote hii. Mungu akupe afya, wajukuu wenye masikio, na asubuhi nyingi zisizo na simu. Kanisa litakukumbuka kwa mengi, na yote yameandikwa vizuri kwenye madaftari yako. Mimi nina moja tu la kukuambia: leo asubuhi nimesali, na hakuna aliyeniomba.